Wanataka Kumchochea Mama Ubongo

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limewekwa kwenye kona, kati ya duka la cherehani na kibanda cha redio, na anayeuza kahawa hapo ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Wateja wake wa kila asubuhi ni watatu. Wimbi ni fundi redio, na kwake kila tatizo la dunia hii ni la mawimbi. Sindano ni fundi cherehani, mwembamba, na maneno yake yanachoma. Kilo ananunua vyuma chakavu na hutembea na sumaku mfukoni ili asiuziwe chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mimi wananiita Kidato, kwa sababu niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na bado wananiletea barua zao niwasomee. Asubuhi hiyo nilikuja na barua ya kwetu, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyetaka msaada wa kuielewa.

Shangazi: Mama yako yuko wapi? Saa tatu hii, na daktari kasema saa tano.

Mimi: Hataki kwenda.

Shangazi: Hataki! Jana si alikubali mbele yangu?

Mimi: Jana alikuwa hajaisoma barua. Leo kaisoma.

Wimbi: Ya hospitali hiyo? Hebu tusikie. Imeandika nini hasa?

Nikaifungua, nikasoma kichwa chake kwa sauti: "Uchocheaji wa Ubongo kwa Sumaku."

Sindano akashusha kikombe.

Sindano: Rudia hilo neno la kwanza.

Mimi: Uchocheaji.

Sindano: Kuchochea, kama kuchochea moto?

Mimi: Hapo ndipo mama alipokwama.

Inabidi nieleze. Mama yangu alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda. Alipika sahani themanini kwa siku na hakuunguza hata moja. Halafu, sijui ni lini hasa, akaanza kurudi jikoni kuhakikisha kwamba jiko limezimwa. Mwanzoni alirudi mara mbili. Baadaye ikawa mlinzi anafunga geti na mama bado yuko ndani, anamwaga maji juu ya majivu yaliyokwisha kulowa. Akaacha kazi. Nyumbani ikawa hivyo hivyo: anazima jiko la mkaa, anatia kidole kwenye majivu, anatoka, anafika mlangoni, anarudi. Kucha zake zina rangi ya kijivu ambayo sabuni haiitoi. Siku moja alikuja shuleni, akasimama dirishani katikati ya somo la jiografia, akaniuliza mbele ya wenzangu kama nililiona jiko limezima. Kesho yake akaja tena. Mwisho nikakaa nyumbani, na kazi yangu ikawa kusema, "Limezima, mama, nimeliona kwa macho yangu." Nilisema hivyo labda mara hamsini kwa siku, mpaka daktari aliponikataza. Alisema kila nikijibu, naulisha ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe kwenye barua unaitwa ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Mama amekunywa dawa mwaka mzima na amekaa na mshauri mara nyingi, akapata nafuu kidogo, ikaishia hapo. Ndipo daktari akasema kuna hii njia ya sumaku. Mashine ni moja na wanaosubiri ni wengi. Asiyefika siku yake, nafasi anapewa mwingine na yeye anangoja mpaka mwakani. Na mwalimu mkuu aliniambia nitapokelewa tena muhula ujao kama nyumbani kutakuwa kumetulia. Kwa hiyo nilichotaka pale kijiweni ni maana ya neno moja tu, nirudi nimwambie mama, tuondoke.

Kilo: Lakini huyo daktari si aliwaeleza?

Mimi: Alieleza. Mama alikuwa anawaza jiko, na mimi nilikuwa namwangalia mama.

Kilo: Kwa hiyo hakuna aliyesikia.

Mimi: Hakuna.

Sindano: Basi sikieni kwangu. Kuchochea ni kazi mbili tu. Unachochea moto uwake, au unachochea ugomvi watu wapigane. Shemeji yetu, mama yako, kichwa tayari kinawaka, wao wanataka kukiongezea kuni!

Shangazi: Sindano, unamtisha mtoto.

Sindano: Simtishi. Neno liko pale, sikuliandika mimi.

Kilo: Nyie mnahangaika na neno. Tazameni kifaa. Sumaku haichochei kitu, sumaku inavuta.

Akaitoa yake mfukoni, nyeusi, imelika pembeni, akaigusisha na birika la shangazi. Ikanasa. Akatutazama mmoja mmoja kana kwamba ameshinda kesi.

Kilo: Damu ina chuma, kweli au uongo?

Wimbi: Kweli. Hata shuleni walitufundisha.

Kilo: Basi. Wazo baya linakaa na chuma chake. Unaweka sumaku hapa juu ya utosi, chuma kinapanda, wazo linapanda nacho, linakwama kwenye nywele. Unachana. Limekwisha.

Sindano: Na wazo zuri je?

Kilo: Limefanya nini?

Sindano: Halina chuma?

Kilo akafikiri kidogo.

Kilo: La kwako halina.

Wimbi alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo, kama anavyofanya akiletewa redio iliyofunguliwa na fundi mwingine.

Wimbi: Kilo, usiingilie mambo ya mawimbi. Mimi kazi hii nimeifanya miaka ishirini. Chukua kaseti, iweke juu ya sumaku ya spika, isahau pale. Ukiisikiliza baadaye utasikia nini? Shhhhh. Hakuna wimbo, hakuna mtangazaji. Sumaku inafuta, bwana. Hawa wanakwenda kumfuta shemeji.

Shangazi: Si ndiyo tunachotaka? Wamfute jiko.

Wimbi: Hapo ndipo penye shida. Sumaku haijui huu wimbo wa kwanza, huu wa pili. Wakifuta jiko, wanafuta na lililo jirani na jiko. Atarudi hapa akuulize, wifi, huyu binti mrefu ni wa nani?

Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Nilikuwa na kalamu, nikaandika nyuma ya bahasha: "Kufuta?" Chini yake nikaandika: "Damu?" Nilifikiri nikiandika yote, jibu litajitenga lenyewe.

Shangazi: Kidato, endelea kusoma. Hawa watatumaliza.

Nikasoma taratibu. Barua ilisema mgonjwa atakaa kwenye kiti akiwa macho. Hakuna kupasuliwa na hakuna dawa ya usingizi. Atavalishwa kofia yenye koili ndani, yaani waya uliozungushwa, na atasikia sauti ya kugongagonga. Dakika ishirini hivi kila kikao, siku tano kwa wiki, wiki sita. Wengine huumwa kichwa kidogo siku za mwanzo. Wengine hupata nafuu, na wengine hawapati.

Sindano: Kugonga! Wanamgongea nani humo ndani?

Wimbi: Wanahakikisha kama kuna mtu.

Sindano: Kwako wangegonga mpaka jioni.

Hata shangazi alicheka, ingawa aliziba mdomo kwa mkono. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye mstari ambao mama aliusoma mara sita kabla ya kunirudishia karatasi. Nikausoma: "Kabla ya kila kikao, hofu ya mgonjwa itachochewa kwa makusudi, kwa kiasi, ili sehemu ya ubongo inayohusika iwe inafanya kazi wakati wa tiba."

Kilo alisahau sumaku yake kwenye birika.

Sindano: Nilisema nini mimi? Nilisema nini? Kumbe wanachochea mara mbili! Wanachochea hofu, halafu wanachochea ubongo.

Kilo: Watamchocheaje?

Mimi: Nadhani watamwonyesha picha ya jiko linalowaka. Au watamwambia awaze kwamba hakulizima.

Shangazi: Hilo mbona tunalipata bure nyumbani?

Wimbi: Subirini, subirini. Hapo mimi naelewa. Redio inayokoroma ukiletewa ikiwa imezimwa, huwezi kuiponya. Lazima uiwashe kwanza, ikorome mbele yako, ndipo ujue pa kushika.

Hili lilinipa matumaini. Lilionekana kuwa na maana. Nikaanza kuliandika.

Mimi: Kwa hiyo si kufuta tena?

Wimbi: Ni kufuta. Ila kufuta ikiwa imewashwa.

Nikalikata.

Sindano: Mnasahau jambo kubwa kuliko yote. Mimi pini zangu zikimwagika nazizoa kwa sumaku. Sawa? Lakini pini ikishaguswa na sumaku mara nyingi, nayo inageuka sumaku. Ziko dukani zimeshikana kama ndugu waliopotezana. Sasa pigeni hesabu, wiki sita, siku tano kwa wiki. Kichwa cha shemeji kitakuwa kimeshakolea. Anatoka mlangoni, anakutana na mgonjwa mwenzake anaingia, wanainama kusalimiana, vichwa pa! Vimenasana. Nani atawaachanisha?

Kilo: Inategemea. Zikikutana ncha zinazofanana, zinasukumana. Hawatasalimiana kabisa. Huyu akisogea, yule anarudi nyuma mpaka ukutani.

Wimbi: Na kulala je? Sumaku ukiiacha huru inatazama kaskazini. Shemeji atakuwa analala kaskazini tu, anakaa kaskazini, anatembea kaskazini.

Shangazi: Mlango wa nyumba yao uko kusini.

Wimbi: Basi atatokea dirishani.

Nikaandika "Kaskazini?" Halafu nikaitazama bahasha, nikaona kwamba nimekusanya maswali matatu na bado sijui maana ya neno moja nililokuja nalo. Saa tatu na nusu ilikuwa imepita.

Mimi: Jamani, niambieni ukweli. Nimwambie mama nini?

Sindano: Mwambie asiende.

Wimbi: Mwambie aende, lakini aandike majina ya watoto wake kwenye karatasi.

Kilo: Karatasi inasemaje tena? Hakuna chini?

Chini kulikuwa na fomu ya kuijaza. Mahali pa saini paliandikwa: "Nimeelezwa, nimeelewa, nakubali." Juu yake palikuwa na maswali. Nikasoma la kwanza: "Je, una chuma chochote kichwani?"

Kilo akasimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka hivyo.

Kilo: Hilo sasa ni swali langu! Ndiyo kazi yangu hiyo! Sogea, Wimbi.

Wimbi: Usinishike kichwa.

Kilo: Dakika moja tu. Tumpime mtu mzima kwanza, tuone sumaku inafanya nini kwa ubongo.

Wimbi: Mzima nani? Kampime Sindano!

Lakini Kilo alishaibandua sumaku kwenye birika na kuipitisha juu ya kofia ya Wimbi. Kofia ikaruka, ikang'ang'ania sumaku kwa kile kifungo cha chuma kilicho katikati. Wimbi akapiga ukelele, akashika utosi kwa mikono yote miwili.

Kilo: Ana chuma! Ana chuma kichwani!

Sindano: Kumbe ndiyo maana anashika mawimbi!

Walikuwa wanacheka kwa kupigana mabega, benchi linayumba kwenye yale matofali, nilipomwona shangazi ameacha kucheka. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Amevaa gauni lake la kutokea, la bluu, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na majivu mabichi.

Kilo akaificha sumaku nyuma ya mgongo, kofia ya Wimbi ikining'inia.

Shangazi: Karibu, wifi. Kaa upate kahawa.

Mama: Ahsante, wifi. Sikai. Nimekuja kumtafuta huyu. Nimemtuma neno moja, kapotea saa nzima.

Wimbi: Shemeji, tulikuwa tunamsaidia.

Mama: Nimewasikia tangu pale kwenye nguzo ya njia panda. Mmenisaidia mpaka nimetokea dirishani.

Hakuna aliyejua kama anatania. Hata mimi sikujua. Mama zamani alikuwa mtu wa utani, lakini siku hizi maneno yake mengi ni ya jiko. Akajifuta vidole kwenye kitambaa, akamtazama Sindano.

Mama: Shemeji, nikuulize kitu. Ulipotoka nyumbani kwako asubuhi, uliacha jiko limezimwa?

Sindano: Nililizima, ndiyo.

Mama: Unajuaje?

Sindano: Si nililizima mwenyewe?

Mama: Na mimi nimelizima mwenyewe. Leo nimelizima mara nne. Nimeshika majivu, ya baridi kabisa. Nimefika pale kwenye nguzo, sijui tena. Ndiyo nakuuliza. Wewe unajuaje?

Sindano akakizungusha kikombe chake.

Sindano: Nakumbuka.

Mama: Unakumbuka la leo, au la jana?

Sindano akatazama mlango wa duka lake.

Mama: Wimbi?

Wimbi: Mimi shemeji najua tu. Yaani, nikitoka, inakuwa imeshakwisha. Siifikirii.

Mama: Kwa nini huifikirii?

Wimbi: Sijui. Haiji.

Mama: Haiji?

Wimbi: Haiji, shemeji. Naomba radhi.

Mama: Na wewe Kilo?

Kilo: Mimi sina jiko. Nakula kwa dada yangu.

Mama: Naye kazima?

Kilo akageuza uso kuelekea kwa dada yake, nyumba tano kutoka pale. Shangazi naye alikuwa ameshika mfuniko wa birika na hakumimina kitu. Mama hakuwa anawasuta. Aliwauliza kama mgeni anayeuliza njia, na walikuwa watu wanne wanaopita njia hiyo kila siku bila kujua jina lake.

Ghafla Sindano akasimama.

Sindano: Pasi.

Shangazi: Imefanya nini?

Sindano: Jana nilipiga pasi suruali ya bwana mmoja. Pasi ya mkaa. Sasa sina hakika…

Hakumaliza. Alivuka hatua zile chache mpaka dukani kwake, akasukuma mlango. Mama alisogea mbele kidogo, apate kumwona vizuri. Mlango ulikuwa wazi na sote tuliona. Alikwenda kwenye meza, akaiinua pasi, akafungua kifuniko, akachungulia, akaigusa chini kwa kiganja. Akaiweka. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akarudi kukaa palepale alipokuwa.

Sindano: Baridi. Dada, niongeze kahawa.

Shangazi: Imekwisha. Kilichobaki ni kikombe cha wifi.

Mama alikuwa bado anamtazama. Alitazama mlango wa duka, akamtazama tena yeye.

Mama: Huendi tena?

Sindano: Kufanya nini?

Hakusema kwa dharau. Aliuliza kweli, kwa sababu hakuelewa swali. Midomo ya mama ilikuwa inacheza, nikajua analirudia hilo jibu moyoni.

Mama: Kufanya nini.

Sindano: Ndiyo, shemeji. Nimeshaona.

Mama: Na unakaa.

Sindano: Nakaa.

Mama akanigeukia, akachukua barua mkononi mwangu. Hakusoma mstari wa kuchochea. Alisoma ule wa saini.

Mama: Hapa wanataka niseme nimeelewa.

Mimi: Ndiyo.

Mama: Wewe umeelewa?

Mimi: Hapana, mama. Wimbi anasema ni kufuta, Kilo anasema ni kuvuta, na neno lenyewe sijui. Wengine wanapona na wengine hawaponi. Hilo tu ndilo nililolielewa.

Mama: Hiki alicho nacho Sindano, hiki cha kukaa, sumaku inakileta?

Mimi: Sijui.

Mama: Basi hilo ndilo nitakalomuuliza daktari. Na safari hii wewe usiniangalie mimi. Mwangalie yeye anapojibu. Akinielewesha, nitasaini. Asiponielewesha, sisaini.

Akawaaga watu wa benchi. Kilo alimrudishia Wimbi kofia yake. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia Wimbi akisema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye sasa hajui kama alifunga kibanda chake jana, na Sindano akamwambia kwamba kibanda kiko mbele ya macho yake na kiko wazi.

Tulifika kwenye nguzo. Kushoto ni kwetu, kulia ni barabara ya hospitali. Mama akasimama. Nilijua atasimama. Akatazama kushoto, vidole vyake vikaanza kusuguana.

Mama: Limezima?

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwangu, lile la mara hamsini kwa siku. Nililiona jiko asubuhi. Niliona majivu yamelowa. Ingenichukua sekunde moja tu kumpa. Nikauma mdomo, nikamshika mkono, ule wenye majivu, nikautazama badala ya kumtazama usoni. Watu walitupita, na mwanamke mmoja mwenye ndoo akatuomba tumpishe. Tukampisha. Mama alivuta pumzi.

"Sijui kama limezima," alisema, akashika njia ya kulia.